Mtu Aliyekitukana Kisima

Ofisini walimwita Kalamu, na jina hilo hakulipata kwa kuandika sana, bali kwa kuandika vizuri mambo ambayo hakuyaona. Kampuni yao iliuza safari za siku moja: unachukuliwa mjini asubuhi, unapelekwa kwenye magofu au ngome au makumbusho ukiwa na mtu wa kukuelezea, na jioni unarudishwa kwenu umechoka, una picha mia mbili na kiatu kimoja kimefunguka soli. Safari zilikuwa kumi na moja. Kila moja ilikuwa na kipeperushi chake, na vyote viliandikwa na Kalamu, kwenye meza iliyobanwa kati ya mashine ya fotokopi na dirisha lisilofunguka, ghorofa ya tatu juu ya duka la miwani. Miaka sita alikuwa akiandika, na hakuwahi kufika hata mahali pamoja.

Si kwamba hakutaka. Mwaka wake wa kwanza aliomba. Mkurugenzi, bwana mwenye sauti laini na viatu vinavyong'aa kama kioo, akamwekea mkono begani.

"Gari lina viti kumi na vinne," akasema. "Ukikaa wewe, mteja mmoja amebaki kwao. Halafu una kipaji, bwana. Mwenye kipaji ana haja gani ya kuona?"

Basi Kalamu akawa anaandika kwa kutazama picha. Akiona ukuta, anaandika kwamba umesimama kidete karne kwa karne. Akiona ngazi, anaandika kwamba walipita hapo mashujaa. Picha zikiwa chache, anatia chumvi kidogo. Zikikosekana kabisa, anamwaga kopo zima.

Safari ya sita ndiyo iliyomtoa jasho. Ilikuwa ya kwenda kwenye mji wa kale uliobomoka, na picha aliyoletewa ilionyesha shimo, mawe pembeni, na mbuzi. Mkurugenzi aliitazama akaguna.

"Shimo haliuzi. Na huyo mbuzi mtoe."

Kalamu akamtoa mbuzi, akamweka bibi arusi. Aliandika kwamba hapo zamani mtawala wa mji huo alimwoa binti wa mji adui, na siku ya harusi binti yule akaketi ukingoni mwa kisima, akaapa hatakunywa hata tone mpaka vita visimame. Akakaa siku saba. Siku ya saba watawala wote wawili wakatupa silaha chini, binti akanywa, na tangu siku hiyo kisima hakijakauka. Kazi nzima ilimchukua dakika arobaini, pamoja na kunywa chai. Mkurugenzi aliposoma, alitoa leso akafuta macho. Wateja wakajaa.

Hayo yote yangepita kimya kimya kama mama mkwe wake asingekuja mjini.

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu. Miaka thelathini na tisa alizalisha watu, na alikuwa na jicho la kumtazama mtu mzima kama anayekagua kama amekamilika viungo. Alikuja kukaa wiki tatu na binti yake, na siku ya pili tu, baada ya chai, akafungua mkoba wake mweusi akatoa vipeperushi vyote kumi na moja. Mke wa Kalamu alikuwa akimpelekea kila kimoja kilipotoka, kwa fahari. Vilikuwa vimepigiwa mistari kwa penseli.

"Mwanangu," akasema mama mkwe, "nimezeeka sijatembea. Nataka safari moja. Nichagulie wewe, maana wewe umefika kote."

Kalamu akamtazama mkewe. Mkewe akatazama birika. Ni yeye aliyemwambia mama yake kwamba mumewe huzunguka nchi nzima, na Kalamu, kila alipopongezwa kwenye simu, alijibu tu, "Tunashukuru Mungu, mama," ambalo si jibu la uongo wala la kweli.

"Nipe siku mbili, mama," akasema. "Nikuchagulie iliyo bora."

Kesho yake mchana alishuka kwenye maegesho ya nyuma kumtafuta dereva wa kampuni. Dereva alifika kote kweli, tena kila wiki, na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. Alikuwa amelala kwenye kiti cha mbele, kofia usoni. Kalamu akamtandazia vipeperushi kwenye usukani.

"Ngome hii ikoje?"

"Kuna mawe," akasema dereva.

"Na hii ya makaburi ya watawala?"

"Kuna mawe. Na ngazi."

"Ngazi nyingi?"

"Mimi huwa nabaki garini."

"Makumbusho haya ya ghorofa tatu?"

"Tatu? Iko moja. Hizo mbili wanajenga."

 Kalamu aliendelea kuuliza moja moja, na kila jibu lilifuta aya nzima. Mwisho akakiri kwamba anamtafutia mama mkwe safari, na dereva akamhurumia. "Ni mama mtu mzima? Magoti yanamsumbua? Basi mpeleke kule kwenye nyumba ya posta ya zamani. Karibu, tambarare, na kuna choo. Choo kizuri, kina maji."

Ilikuwa safari ya tisa, na kwa bahati nzuri ndiyo iliyokuwa na uongo mchache kuliko zote, kwa sababu Kalamu aliiandika akiwa na homa. Jioni ile akakaa mbele ya mama mkwe, akaanza kuisifu posta. Akaeleza mihuri. Akaeleza masanduku ya barua. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, kwa subira ya mtu aliyezoea kungoja.

"Mwanangu, posta hata kwetu ipo," akasema. "Mimi nataka hapa." Akaweka kidole kwenye safari ya sita, pale alipopigia mistari miwili. "Kisimani kwa bibi arusi."

"Kule ni mbali, mama."

"Umeandika saa moja na nusu, barabara laini kama mkeka."

"Jua la kule ni kali."

"'Kivuli cha kutosha kwa wote.' Haya hapa, maneno yako."

"Na kutembea, mama. Magoti."

"'Hata mzee wa miaka tisini atatembea kwa raha.' Mimi nina sitini na tisa." Akavua miwani. "Au umeandika uongo?"

"Hapana, mama," akasema Kalamu. Mkewe akaondoka kwenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Jumamosi wakapanda gari la saa moja asubuhi, wateja kumi na wanne, mkwe na mama mkwe wakiwa kiti cha nyuma. Mkurugenzi alikubali Kalamu akae kwa sababu safari hii kiti chake kililipiwa. Barabara ilikuwa laini kama mkeka kwa muda wa dakika ishirini. Baada ya hapo ikawa kama mkeka uliokunjwa, ukakanyagwa, ukaachwa nje wakati wa mvua. Walifika saa nne na robo. Mama mkwe alitazama saa yake, kisha akamtazama mkwe wake.

Kivuli kilikuwepo. Kilikuwa cha mti mmoja, kinatosha watu wanne wanaopendana.

Lakini kilichomshangaza Kalamu si barabara wala mti. Pale kwenye lile shimo la kwenye picha sasa palizungushiwa uzio wa chuma uliopakwa rangi nyeupe. Palikuwa na kibao kikubwa: HAPA NDIPO ALIPOKETI. Palikuwa na jiwe lenye vibonyeo vitano na kibao kingine: ALAMA ZA VIDOLE VYAKE. Bwana mmoja kwenye kibanda aliuza chupa za maji ya bomba zenye picha ya shela. Na kwenye kiti cha plastiki, kando ya uzio, aliketi mzee mnene amevaa beji kifuani iliyoandikwa MJUKUU RASMI.

"Mjukuu wa nani?" Kalamu alimnong'oneza dereva kupitia dirisha la gari lililoegeshwa kando ya uzio.

"Wa bibi arusi. Huyu ni wa Jumamosi. Wa Jumapili ni wa ukoo mwingine. Waligombana mpaka kwa mkuu wa wilaya, wakagawiwa siku."

 Kalamu akajishika kwenye uzio, akaambiwa uzio haushikwi.

Mtu wa kuwaeleza historia alikuwa mwalimu wa hesabu wa zamani ambaye kila mtu pale alimwita Profesa. Alikuwa na kipaza sauti cha betri, ingawa wasikilizaji walikuwa hatua tatu mbele yake. Akasafisha koo, akaanza, na Kalamu akasikia sentensi zake mwenyewe, neno kwa neno, hata koma zake. Ila zilikuwa zimenenepa. Bibi arusi sasa alikuwa na dada wawili, farasi, na ugonjwa wa kifua. Alikuwa ametabiri ujio wa umeme. Mama mmoja mwenye miwani mikubwa ya jua alianza kulia taratibu, na bwana mwenye kofia ya majani akamshikia simu ili apigwe picha akilia.

"Siku saba," Profesa akanguruma, "hakutia mdomoni hata tone!"

"Samahani, mwalimu," akasema mama mkwe.

Kipaza sauti kikakoroma. "Maswali mwishoni, mama."

"Ni dogo tu. Siku saba kwenye jua hili, bila maji? Siku ya tatu huyo ni mgonjwa. Ya nne, ya tano, mnamzika. Nimekaa wodini miaka thelathini na tisa."

"Mama, hii ni historia. Siyo hospitali."

"Na historia watu wake hawana figo?"

Wateja wakaanza kunung'unika. Wameamka alfajiri, wamekatikatika kiuno njiani, halafu mtu anatokea kuwaharibia machozi. Mama mwenye miwani akasema wazee wengine hawana imani. Bwana mwenye kofia akasema kama mtu hataki kujifunza angebaki kwake. Profesa, aliyeona watu wako upande wake, akavuta kutoka mfuko wa shati kipeperushi kilichofunikwa plastiki ngumu, akakiinua juu.

"Imeandikwa!" akasema. "Soma mwenyewe, mama! Imeandikwa na wataalamu, waliokaa maktaba miaka na miaka!"

Mama mkwe alisimama peke yake juani, mkoba mweusi mkononi, watu kumi na watatu wakimtazama kama mtu aliyepiga chafya msibani. Kalamu angeweza kunyamaza. Ndiyo kazi aliyoizoea. Lakini aliona kidevu cha mama mkwe kimetetemeka kidogo, na mdomo wake Kalamu ukafunguka wenyewe.

"Ni mimi niliyeandika," akasema.

Watu wakageuka.

"Nimebuni. Ilikuwa siku ya Jumanne. Nililetewa picha ya shimo na mbuzi, nikaambiwa shimo haliuzi. Hakuna bibi arusi. Sijawahi kukanyaga hapa mpaka leo."

Bwana mwenye kofia akacheka, wakacheka wote. Profesa akamwendea kwa huruma, akamwekea mkono begani, vile vile kama Mkurugenzi.

"Ndugu, umekunywa maji leo? Jua la hapa linawachanganya wengi."

"Nina kitambulisho cha kampuni!" Kalamu akakitoa. Profesa akakisoma.

"Hapa wameandika 'Msaidizi wa Ofisi'," akasema kupitia kipaza sauti, na kicheko kikarudi upya.

Aliyekosa kucheka ni Mjukuu Rasmi. Alijiinua kwenye kiti cha plastiki, kiti kikainuka naye, akakibandua, akaja mpaka mbele ya Kalamu akitweta.

"Unasema bibi yangu hakuwepo?"

"Mzee wangu, shikamoo. Siyo kwamba namkosea heshima..."

"Bibi aliyenilea kwa hadithi zake! Mimi nimetoka wapi basi? Nimetoka kwa mbuzi?"

 Mwuza maji akatoka kibandani. Mkata tiketi akatoka. Ikaamuliwa, na hakuna aliyejua imeamuliwa na nani, kwamba mgeni amekitukana kisima na lazima aombe radhi. Dereva, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, alishuka garini ili aone vizuri. Na hivyo ndivyo Kalamu, mtu mzima mwenye mke na shahada, alivyopiga magoti mbele ya uzio mweupe, akainamisha kichwa, akaliambia shimo, "Samahani sana. Sitarudia."

"Kwa sauti," akasema Profesa, akamsogezea kipaza sauti.

Alipoinuka, magoti yote mawili meupe kwa vumbi, mama mkwe hakuwepo.  Akamtafuta kwenye gari, akamtafuta kwenye kibanda, na mwisho akamkuta nyuma ya choo, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na mama mfagizi wa pale, mwanamke wa makamo mwenye ufagio mapajani. Walikuwa wanazungumza kama watu waliosoma darasa moja.

"Njoo, mwanangu," akasema mama mkwe. "Njoo usikie. Mwambie, mama. Mwambie ulivyoniambia mimi."

Mfagizi akaona haya. "Si kitu kikubwa. Mama kaniuliza tu kisima kilichimbwa na nani. Kilichimbwa na baba yangu."

"Baba yako?"

"Mwaka ule mvua ilipogoma. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka. Alichimba miezi minne, peke yake, kwa sababu wenzake walisema hapo hakuna maji ila mawe tupu. Mama alikuwa akimshushia chakula kwa kamba. Siku maji yalipotoka hakupiga kelele wala nini. Alipanda juu, akalala siku nzima, ndiyo tukajua."

"Na bado kina maji?"

"Kilikauka walipojenga uzio. Mafundi walitupia kifusi ndani."

Kalamu alijikuta amechuchumaa. "Mbona hukuwaambia?"

"Nani aliniuliza?" akasema mfagizi, bila uchungu wowote. "Wageni huniuliza choo kiko wapi."

Kalamu akaomba kalamu kwa mama mkwe, maana yeye hakubeba, akaandika yote nyuma ya kipeperushi: mwaka, kamba, miezi, jina kamili la baba. Lilikuwa jina refu, na mfagizi alilisema mara mbili ili lisikosewe.

Njiani kurudi, wateja waliimba. 

"Hujafika kokote, sivyo?" mama mkwe akauliza walipofika nusu ya safari.

"Sijafika, mama. Nisamehe."

Mama mkwe akageukia dirishani. "Wodini kwetu," akasema, "saa ya ukutani ilikufa miaka kumi na moja. Na daftari linataka saa ya kuzaliwa. Nikawa nakadiria. Usiku ukiwa mrefu, naandika saa kumi na mbili kamili kwa wote." Akashusha sauti, ingawa hakuna aliyekuwa akisikiliza. "Nusu ya wilaya yetu ilizaliwa saa kumi na mbili kamili asubuhi. Padri mmoja aliwahi kuhubiri kwamba ni muujiza."

Kalamu akacheka mpaka akajishika mbavu, na mama mkwe akacheka pia, kwanza kwa kujizuia, halafu bila kujizuia, wateja wakageuka kuwatazama kwa chuki.

Jumatatu aliitwa kwa Mkurugenzi. Alikwenda amejiandaa kufukuzwa, hata kikombe chake cha chai ameshakifunga kwenye gazeti.

"Nimepigiwa simu kutoka kisimani," Mkurugenzi akasema. "Ulitukana, ukapiga magoti, watu wakapiga picha. Kweli?"

"Kweli, bosi."

"Picha zimezagaa. Wateja ishirini na sita wameuliza kama yule mtu wa kutukana atakuwepo Jumamosi ijayo." Akaegemea kiti, macho yanametameta. "Kalamu, utakuwa unatukana kila wiki. Kiti tutakupa. Hata posho."

Kalamu akakataa. Hakujua alipata wapi ujasiri, labda kwenye vumbi la magoti. Badala yake akatoa ukurasa aliouandika Jumapili nzima, wa mchimba kisima. Mkurugenzi aliusoma akikunja uso, akauliza kama mtu huyo angalau alikufa ndani ya kisima. Akaambiwa hapana, alikufa kitandani. Akatikisa kichwa. Lakini alikuwa mtu wa kupenda amani na hakutaka kumpoteza mwandishi, basi akaahidi kuuingiza.

Vipeperushi vipya vilitoka baada ya wiki mbili, siku moja kabla ya mama mkwe kurudi kwao. Bibi arusi alikuwa bado katikati ya ukurasa wa kwanza, sasa pamoja na farasi wa Profesa. Ukurasa wa nyuma, chini kabisa, chini ya namba za simu, kwa herufi za kusomwa na siafu, paliandikwa: *Wengine husema kisima kilichimbwa na mtu mmoja.*

"Na jina?" Kalamu akauliza.

"Lilikuwa refu," akasema Mkurugenzi.

Jumamosi Kalamu akanunua tiketi kwa pesa yake. Dereva akamwonyesha boksi la vipeperushi vipya chini ya kiti, mia nne, vya kugawia wageni. Walipofika, wateja wakaenda na Profesa, na Kalamu akalibeba boksi mpaka nyuma ya choo.

Mfagizi aliegemeza ufagio ukutani, akafuta mikono, akasoma polepole, akikisogeza kipeperushi mbali na macho kisha karibu. Alipofika chini akasoma tena.

"'Mtu mmoja'," akasema. "Kwani hakuwa na jina?"

"Nililiandika. Wakalitoa."

Mfagizi alinyoosha mkono, na Kalamu akampa kalamu. Aliweka kipeperushi juu ya ndoo, akapiga mstari kwenye yale maneno mawili, akaandika jina la baba yake juu yake, kwa mwandiko wa shule, herufi moja moja. Akaupuliza wino ukauke. Kisha akalitazama boksi.

"Vingine viko wapi?"

Kalamu akaketi chini, akatoa kalamu ya pili. Walikuwa wamefika cha sabini dereva alipoanza kupiga honi.

"Muda!" akaita. "Wateja wako garini!"

"Waambie wakanunue maji," akasema Kalamu, akavuta kingine.